Baba Yako Iko Wapi?

Hapa Mantapala kuna swali ambalo mtoto anaulizwa mapema sana, wakati mwingine hata kabla ya jina lake: "Weye, baba yako iko wapi?" Anaulizwa kwenye pampu ya maji, anaulizwa shuleni, anaulizwa kwenye foleni ya chakula. Nimefanya kazi na vijana hapa kwa miaka kadhaa sasa na nimesikia majibu matatu. Wa kwanza anasema "alikufa," na watu wanampa pole. Wa pili anasema "sijui," na watu wananyamaza. Wa tatu anasema "iko ku kazi," halafu anaangalia pembeni. Ukikaa hapa muda wa kutosha unajua kwamba "iko ku kazi" mara nyingi ni kusema: baba ni solda.

Mimi ni wa jibu la tatu.

Wenzangu wa gazeti letu waliomba makala kuhusu amani. Nimeona niandike kuhusu familia za askari, kwa sababu amani ya kambi hii inapita kwao pia, na kwa sababu wasomaji wetu ni wa aina mbili: sisi tunaolala hapa, na nyinyi mnaokuja na magari asubuhi mkarudi Nchelenge jioni. Sote tunauliza swali lile lile. Ni vizuri tujue tunauliza nini.

Vita vya papa

Papa ni mtu wa Kindu, Maniema. Alijiunga na jeshi mwaka 1997, akiwa na miaka kumi na tisa, wakati AFDL ya Mzee Kabila ilipopita pale ikielekea Kinshasa. Anasema hakuna aliyemlazimisha. Vijana wote wa mtaa walikwenda, na kubaki nyumbani ilikuwa aibu. Tarehe 17 Mei 1997 waliingia Kinshasa, na yeye alifikiri vita vimekwisha, atarudi kwao na viatu vipya.

Haikuwa hivyo. Agosti 1998 vita vingine vilianza. Waasi wa RCD, wakisaidiwa na Rwanda, walichukua mashariki yote, na Oktoba mwaka ule ule Kindu ikaanguka. Sasa fikiria kijana huyu. Yeye yuko katika jeshi la serikali, upande wa kusini. Mama yake, baba yake na mdogo wake wako Kindu, upande wa waasi. Kati yao kuna mstari wa vita. Barua haipiti, simu hakuna. Baada ya muda akasikia kwa mtu aliyetoroka kutoka Maniema kwamba mdogo wake naye amechukua bunduki, lakini ya RCD.

Watu wa nje wakisema "vita vya wenyewe kwa wenyewe" wanafikiri ni maneno tu ya kwenye vitabu. Kwa papa maana yake ilikuwa hii: kila jioni akienda kulinda zamu alijua kwamba mtu anayekuja gizani anaweza kuwa yule aliyelala naye mkeka mmoja utotoni.

Mwaka 1999 walimpeleka Pweto, pale ambapo Ziwa Mweru linamwaga maji yake kwenye mto Luvua. Mama yangu ni mtu wa pale, Mubwile. Alikuwa anauza chisense kavu sokoni. Wabwile wako pande zote mbili za mpaka. Chiengi, upande wa Zambia, ni kwa ndugu zake. Papa alikuwa ananunua chisense kwa mkopo, na mama anasema alimpenda kwa sababu alikuwa solda wa kwanza aliyerudi kulipa.

Walioana, na mama akahamia kambi ya askari. Hapo nataka nieleze kidogo, maana wengi mnadhani kambi ya jeshi ni ya wanaume tu. Kwetu Kongo mke wa askari anamfuata mume wake, na watoto wanafuata. Nyuma ya kila mahandaki kuna mstari wa vibanda vya nyasi na turubai, moshi wa kuni, sufuria, kuku wawili watatu, mtoto anayelia. Chakula cha jeshi kilikuwa unga na maharage, kikifika. Mshahara ulikuwa unafika kwa jina tu. Kwa hiyo wanawake ndio walioshikilia kambi. Walikwenda kulima mashamba ya watu wapewe mihogo, walikaanga mandazi, wengine walipika lutuku na kuwauzia waume wa wenzao. Sisi Wakongo tunaita hiyo Artikle ya 15: jitafutie mwenyewe.

Mama anasema wanawake wa kambi walijua habari za vita kabla ya redio. Wakiona afisa anapeleka mke wake Lubumbashi na magodoro, wanajua mbele kumeharibika. Na walikuwa na sheria yao: mume wa mwenzako akienda mstari wa mbele, usimwulize lolote. Unampelekea moto asubuhi, unamchotea maji, basi. Akirudi mtu, mnacheka wote. Asiporudi, wanawake wanakaa na mjane siku chache, kisha mjane anaambiwa atoke kwenye kibanda, kwa sababu kibanda ni cha askari, na askari hayupo tena.

Desemba 2000

Julai 1999 serikali zilikuwa zimetia saini mkataba wa kusimamisha vita, pale Lusaka, na Rais Chiluba wa Zambia ndiye aliyekuwa mpatanishi. Lakini kwenye mstari wa mbele mkataba haukuonekana. Mwishoni mwa 2000 jeshi la serikali lilipanda kwenda Pepa, kwenye milima ya Marungu, likaichukua. Warwanda na RCD wakajibu kwa nguvu. Mwanzoni mwa Desemba Pweto ilianguka. Joseph Kabila, ambaye wakati ule alikuwa mkubwa wa jeshi tu, alikuwa upande ule ule wa vita. Wiki chache baadaye, Januari 2001, baba yake aliuawa Kinshasa na yeye akawa rais.

Mama alikuwa na mimba yangu ya miezi mitano. Anakumbuka mvua, na anakumbuka moshi kwenye kivuko, kwa sababu magari ya jeshi yaliyoshindwa kuvuka yalichomwa moto na wenyewe ili adui asiyapate. Watu walikimbia kuelekea Zambia: raia, askari wa Kongo, askari wa Zimbabwe waliokuja kusaidia, wanawake wa kambi na sufuria zao kichwani. Wote kwenye njia moja, kwenye matope yale yale. Papa alimkuta mama njiani. Akambebea mzigo kwa mkono mmoja, bunduki kwa mkono mwingine.

Mpakani askari wa Zambia walikuwa wanasubiri. Walisema kwa Kibemba na kwa ishara: raia huku, askari huku, silaha chini. Kulikuwa na rundo la bunduki, mama anasema, kama kuni za msiba.

Kabla ya kufika pale, rafiki wa papa alivua sare, akaitupa porini, akaazima shati la mzee mmoja. Alimwambia papa afanye hivyo hivyo. Papa alikataa. Aliweka bunduki yake kwenye rundo, akaandikisha jina lake, akakaa upande wa askari. Mama akapita upande wa raia. Hawakupewa muda wa kuagana. Mama alikuwa bado ameshika kofia yake.

Nilipokuwa mdogo nilichukia hadithi hii. Niliona Wazambia walitunyang'anya baba. Nimeielewa nilipoanza kazi na kusoma sheria zenyewe. Zambia haikuwa na vita na mtu. Kama ingewaacha maelfu ya askari wakae na silaha zao karibu na mpaka, katikati ya wanawake na watoto, adui angekuwa na sababu ya kuvuka na kupiga kambi. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unasema kupokea wakimbizi ni tendo la amani na la kibinadamu, nchi nyingine isilione kama uadui. Unasema pia wakimbizi wawekwe mbali kiasi na mpaka, kwa usalama. Ili tendo libaki la amani, mtu mwenye bunduki lazima atengwe na mtu asiye na bunduki. Huo mstari pale mpakani ndio uliomlinda mama, na mimi tumboni.

Lakini sheria ile ile ina sehemu nyingine ambayo watu wengi hawaijui, hata hapa kambini. Mke wa askari ni raia. Mtoto wa askari ni raia. Wana haki ya hifadhi kama mtu mwingine yeyote. Na askari mwenyewe, akiacha jeshi kabisa, kwa kweli na si kwa kubadilisha shati, anaweza kuomba hifadhi. Atachunguzwa aliyoyafanya, kisha ataamuliwa. Kamati tendaji ya UNHCR iliandika hivyo mwaka 2002, lakini Zambia ilikuwa imeshaanza: mwaka 2001 ilifungua tena makazi ya Ukwimi, Petauke, mbali na mpaka, kwa ajili ya watu waliokuwa wapiganaji.

Papa hakwenda Ukwimi. Askari wengi wa Pweto walirudishwa Kongo na yeye akarudi nao. Nimemuuliza kwa nini. Alinijibu kwamba askari asiyerudi ni mtoro, na mahakama ya kijeshi ya wakati ule ilikuwa inahukumu watu kifo bila rufaa. Halafu akaongeza, "Na mama yangu alikuwa Kindu. Kama ningekaa Zambia, ningefikaje Kindu?"

Kala

Mama alikaa wiki chache kwa shangazi yake Chiengi, kisha akapelekwa kambi ya Kala, Kawambwa. Kala ilikuwa imefunguliwa mwaka ule ule wa 2000. Mimi nilizaliwa pale, 2001.

Mambo mawili ya Kala nayakumbuka vizuri. La kwanza ni karatasi za Msalaba Mwekundu. Ni fomu tu. Unaandika upande mmoja, mwenzako anajibu upande wa pili. Haifungwi, inasomwa na watu wa Msalaba Mwekundu, na unaruhusiwa kuandika habari za familia peke yake: nani mzima, nani mgonjwa, nani amezaliwa. Siasa hapana. Mambo ya jeshi hapana. Kwa sababu hiyo inavuka mistari ya vita ambayo hakuna kitu kingine kinachovuka. Karatasi ya kwanza ya papa ilifika mwaka 2002. Aliandika: "Niko mzima. Mtoto ni nani?" Mama akajibu: "Ni mwanamume. Ana meno manane." Alimwomba pia habari za Kindu. Ilichukua muda mrefu, lakini karatasi nyingine ikaja: bibi yuko hai, babu alifariki 1999, mdogo wake yuko "ku kazi". Papa alikuwa amejua kifo cha baba yake miaka mitatu baadaye, kupitia karatasi iliyozunguka.

Jambo la pili ni yule rafiki wa papa aliyetupa sare. Tulimkuta Kala. Alikuwa amebadilisha jina. Alikuwa mtu mwema, alinitengenezea gari la waya, lakini akisikia mtu anaongea Kilingala, lugha ya jeshi, aliondoka. Hakuandika hata karatasi moja ya Msalaba Mwekundu, kwa sababu angeandika kwa jina gani? Mke wake alikuwa Mbuji-Mayi na hakujua kama ana mume. Papa aliyekaa upande wa askari tulimpoteza kwa mwili, lakini jina lake tulikuwa nalo. Simhukumu mtu. Nasema tu nilichoona.

Sare moja

Desemba 2002 walipatana Pretoria, na mwaka uliofuata majeshi yaliyokuwa yanapigana yakaunganishwa kuwa jeshi moja, FARDC. Askari wa pande zote walipelekwa kwenye vituo vya kuchanganywa, tunaita brassage. Papa alipelekwa Kamina mwaka 2005. Na pale, kwenye mstari wa chakula, alimwona mdogo wake.

Papa alitusimulia hii mwenyewe mwaka 2010. Tulikuwa tumerudi Pweto mwaka mmoja kabla, na lori, kwa sababu Kala ilikuwa inakaribia kufungwa, ilifungwa 2010. Papa alipata likizo ya wiki tatu kutoka Kivu. Nilikuwa na miaka tisa na sikuwa nimewahi kumwona. Alikuja na kitenge kwa mama na mpira kwangu. Alilala karibu na mlango.

Alisema walipokutana Kamina walikumbatiana hadi sahani ikaanguka. Usiku walikaa nje. Mdogo wake akamuuliza, "Yaya, 2000 ulikuwa wapi?" Papa akasema, "Pweto. Na weye?" Mdogo akasema, "Kalemie." Kisha akanyamaza, akasema, "Halafu Pepa." Wakatazamana. Papa akasema, "Mama anakula nini siku hizi?" Tangu siku ile hawajarudi kwenye mazungumzo yale. Wanamtumia mama yao pesa pamoja, mshahara ukipatikana.

Nilimuuliza kwa nini hatuendi kuishi naye Kivu. Alinieleza kambi za kule zilivyo. Familia zinakaa nyuma ya kikosi, na kikosi kikihama, mke anafunga sufuria usiku ule ule. Mtoto anabadilisha shule mara tatu kwa mwaka. Mshahara zamani ulipita mikononi mwa makamanda na ukifika chini umebaki nusu. Baadaye Wazungu wa Ulaya walisaidia kuhesabu askari, wakawapa kadi za alama za vidole, na njia ya pesa ikatenganishwa na njia ya amri. Ilikuwa nafuu, lakini mke na watoto wanne hawashibi kwa nafuu. Alisema, "Kule mtoto anajua sauti za bunduki zote kabla hajajua kusoma. Mimi nataka usome."

Akarudi Kivu. Mdogo wangu wa kike alizaliwa 2011. Hajawahi kumwona papa kwa macho.

Unajuaje?

Mwaka 2017 vita viliingia tena kwetu, katika Tanganyika na Haut-Katanga. Watu wa vijiji walipigana, makundi ya silaha yaliongezeka, jeshi lilikuja. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Watu wenye bunduki walikuja kijijini kwetu alfajiri. Wengine walikuwa na sare, wengine hawakuwa nazo, na gizani sikujua nani ni nani. Nyumba yetu iliungua na mashine ya kushona ya mama ndani yake. Tulikimbia mama, mdogo wangu na mimi. Tulipokelewa kwenye kituo cha Kenani, na mwaka 2018 tukahamia hapa Mantapala, tukapewa kiwanja, tukakata miti, tukajenga. Mama alisema, "Zambia mara ya pili. Safari hii sina kofia ya mtu mkononi."

Ndiyo maana neno "solda" ni zito hapa. Wengi wetu tuliona nyumba zikiungua. Ukisema baba yako ni askari, kuna jirani ambaye anaona moto.

Mwaka jana, katika kikundi chetu cha Jumamosi, vijana walikuwa wanachora miti ya familia. Kijana mmoja wa miaka kumi na nne aliandika chini ya jina la baba yake: FARDC. Mwenzake alichungulia, akasimama, akasema, "Hawa ndiyo balituchomea nyumba." Yule akajibu, "Baba yangu iko Beni." Mwenzake akasema, "Unajuaje?" Halafu karatasi ikachanwa, na ngumi.

Tuliwatenganisha. Jioni nilikwenda kwa mama wa mmoja, kisha kwa mama wa mwingine. Wa kwanza aliniambia, "Tonton, mtoto wangu asiombe msamaha kwa kusema kile alichoona." Wa pili aliniambia, "Na wangu asihukumiwe kwa sare ambayo hajawahi kuvaa." Nilitembea kurudi nyumbani nikijua wote wawili wana haki. Kazi yangu haikuwa kuchagua.

Wale vijana mpaka leo hawasalimiani. Wanacheza timu moja, mmoja beki, mmoja winga, na wanapeana mpira. Kwa sasa hiyo inanitosha.

Lakini kikundi kilikaa na wazazi na tulikubaliana mambo. Mtoto haulizwi kazi ya baba mbele ya watu. Anayetaka kusema atasema, na atasikilizwa. Anayesema "solda walituchomea" haambiwi anyamaze, ila anaulizwa, "Nani? Wapi? Lini?" kwa sababu uovu una mtu na una siku, haurithiwi kama jina la ukoo. Na kila mwaka tunawafundisha vijana lile la mpakani: mwenye bunduki anatengwa, familia yake ni raia.

Kwa nyinyi wafanyakazi wa mashirika nina ombi dogo. Mkimhoji mke wa askari, mhojini faragha. Turubai moja halizuii sauti. Akisema mume yupo hai, msihesabu kwamba ana msaada. Mara nyingi ana mume na hana chochote, na kwenye orodha ya akina mama wanaolea peke yao anarukwa. Na mtoto akisema "iko ku kazi," mwelekezeni kwenye huduma ya kutafuta ndugu ya Msalaba Mwekundu. Wengi hawajui kwamba askari naye anaweza kutafutwa, kwamba ni baba kama baba wengine waliopotea.

Fomu

Miaka ya karibuni papa alikuwa anapiga simu. Tulikuwa tunapanda kwenye kichuguu nyuma ya uwanja, ndipo mtandao unapatikana, na simu inazunguka mkono kwa mkono. Anauliza shule, anauliza mvua, anamwambia mama maneno ya kuchekesha. Mwisho wa Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa M23. Wiki ile simu yake ilizima. Haijawaka tena.

Mama amejaza ombi la kutafutwa. Na tumepewa fomu ya kuandika, ikiwa atapatikana. Ni karatasi ile ile ya Kala, karibu vile vile.

Mdogo wangu sasa ana miaka kumi na minne. Alikuwepo siku ile karatasi ilipochanwa. Usiku ule alimuuliza mama, "Papa alishachoma nyumba ya watu?" Mama alikuwa anasonga bukari. Aliendelea kusonga hadi ikaiva, akaitoa, akasema, "Utamuuliza mwenyewe akija."

Kwa hiyo tulipokaa kuandika fomu, mdogo wangu alitaka aliandike swali lake. Nilimweleza sheria: habari za familia tu, mambo ya jeshi hapana, karatasi inasomwa. Alinitazama kama mtu anayesikia upuuzi. "Yaya," akasema, "hii si habari ya familia?"

Sikuwa na jibu. Papa na mdogo wake walikaa usiku mzima Kamina na hilo swali katikati yao, na wakachagua kuongea habari za mama yao. Labda kwa kizazi chao ilikuwa njia pekee ya kubaki ndugu. Sidhani kama itatosha kwa kizazi chetu, cha watoto ambao baba zao wana sare na nyumba zao zilichomwa, mtoto mmoja na yote mawili. Tunampenda mtu na tuna swali kwake. Nawaambia vijana wangu kwamba hayo mawili yanaweza kukaa kwenye nyumba moja, na kwamba kuuliza si kumkana baba.

Tuliandika hivi. Mama ni mzima, anauza mandazi. Mimi nafanya kazi. Mvua ilikuwa nzuri, tumevuna mahindi. Kisha nikamwachia mdogo wangu mistari miwili ya mwisho. Aliandika kwa herufi kubwa, polepole:

"Papa, mimi ni yule hujaniona. Nina swali. Njoo bila bunduki."

Mtu wa Msalaba Mwekundu aliisoma yote, akainua macho, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye mfuko pamoja na nyingine.